Mkono Juu ya Mgonjwa

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizungumza na waandishi wa habari mjini Dodoma, pembeni yake akiwepo Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus. Alitangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitika wilayani Biharamulo. Ilikuwa mara ya pili kwa Mkoa wa Kagera kuvamiwa na ugonjwa huo, maana mwaka 2023 ulizuka Wilaya ya Bukoba, ukaua watu 6 kati ya 9 waliougua.

Marburg huambukiza kwa kugusana. Jasho, damu, matapishi ya mgonjwa, na mwili wa marehemu anapooshwa, hizo ndizo njia zake. Sasa chukua jambo hilo uliweke karibu na jambo jingine ambalo kila mtu wa Ngara na Biharamulo analijua. Mgonjwa akilemewa, majirani huja. Wazee wa kanisa huja, na wanajumuiya na wanakwaya. Wanaimba, wanaweka mikono juu yake, wanamkemea shetani kwa jina la Yesu. Akifariki, wanamwosha na kumvika. Hakuna tendo la upendo lililo kubwa kuliko hilo katika vijiji vyetu, na ndilo hasa tendo ambalo virusi vya Marburg hulisubiri.

Kwa hiyo wiki hii nimeona tuitazame imani hiyo, kwamba Yesu ana mamlaka juu ya ugonjwa na juu ya uovu, tuone imepita wapi katika wilaya hizi mbili. Sitahukumu kama ni kweli au si kweli. Hiyo si kazi ya redio. Lakini imani ina historia kama vile reli na pamba vilivyo na historia, na historia hiyo inaweza kuulizwa maswali.

Kabla wamisionari hawajafika, sehemu hizi hazikuwa tupu kiimani. Burundi walikuwa na Kiranga, Rwanda walikuwa na Ryangombe, na kwa Wasumbwa na Wanyamwezi upande wa kusini kulikuwa na chama cha Baswezi. Wataalamu wa historia wanaziona ibada hizi kuwa ni ndugu wa ukoo mmoja. Bugufi na Bushubi, ambazo leo ndizo Ngara, zilikuwa katikati ya njia hiyo. Mtu akiugua ugonjwa usioeleweka, mpiga ramli alitafuta ni mzimu gani unaomdai, na mara nyingi tiba ilikuwa ni kumwingiza mgonjwa katika kundi la waliopandwa na roho hizo. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulikuwa na mwenyewe. Ulikuwa na jina, ulikuwa na madai, na ulisemeshwa.

Mkristo wa kwanza wa Bugufi aliposomewa Injili ya Marko hakukutana na dunia ngeni. Alimkuta Yesu akisemeshana na pepo makaburini, akawauliza jina lao, akawafukuza wakaingia katika nguruwe. Alimkuta mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga asipate nafuu, akapona kwa kugusa vazi tu. (Luka, ambaye Paulo anamtaja kuwa ni tabibu, amelieleza suala hilo la waganga kwa upole zaidi kuliko Marko. Taaluma hutetea taaluma.) Na alimkuta mkoma ambaye sheria ilikataza kumgusa, na Yesu akanyosha mkono akamgusa. Wazungu waliomletea kitabu hicho walikuwa wametoka katika nchi ambazo habari hizo zilikuwa zimeanza kusomwa kama mifano. Yeye alizisoma kama taarifa.

Na ajabu ni kwamba uamsho mkubwa wa Kikristo uliozigusa wilaya hizi ulianzia hospitalini. Jambo hili husahauliwa sana.

Huko Gahini, mashariki ya Rwanda, wamisionari wa Kianglikana walijenga hospitali katika miaka ya 1920. Daktari Mwingereza kijana, Joe Church, alifika mwaka 1928, wakati wa njaa kubwa ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura. Watu walikufa njiani. Mwaka uliofuata, akiwa amechoka na kukata tamaa, alikwenda Kampala, na kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia na kusali pamoja. Aliporudi Gahini shida haikwisha, tena shida yenyewe haikuwa mapepo. Ilikuwa ni chuki baina ya wafanyakazi wa hospitali na viongozi wao, wizi mdogo mdogo, uvivu na majungu. Yosiya Kinuka, aliyekuwa kiongozi wa watumishi Waafrika pale hospitalini, alikuwa amechoka kiasi cha kutaka kuondoka. Alikwenda kumwona Nsibambi, akaelezwa waziwazi kwamba ubaya wa hospitali ile ulianzia moyoni mwake mwenyewe. Alirudi mtu mwingine, akakiri makosa yake mbele ya wenzake.

Kutokana na maungamo ya namna hiyo uamsho ukawaka, hasa katikati ya miaka ya 1930. Walioupokea waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ukawa kama pasipoti yao. Uliingia Uganda na Kenya, na ukavuka mpaka kuja Tanganyika. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Australia ndio waliokuwa wakifanya kazi Bugufi na Bushubi, na Murgwanza ikapata kanisa na hospitali pamoja. Mwaka 1985 Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana ilipoanzishwa, makao yake yaliwekwa hapo hapo Murgwanza, hatua chache kutoka wodini. Kwa upande wa Walutheri wa Buhaya, uamsho huo huo ndio uliomlea Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984.

Walokole wa kwanza waliamini nguvu ya Yesu juu ya uovu pasipo shaka yoyote. Walitupa hirizi, waliacha kupiga ramli, na walikataa matambiko ya mizimu hata walipotishiwa na ukoo. Lakini ukiwasoma vizuri utaona kwamba uovu waliokuwa wakiutafuta kwanza ni ule uliomo ndani ya mtu. Pepo la kwanza lilikuwa ni sabuni ya hospitali iliyoibwa. Nao hawakuwakataza watu dawa. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, mhubiri moto kuliko wote wa Gahini, aliugua homa akafa Januari 1936 akiwa bado kijana, hospitalini Mengo. Wenzake walimlia, kisha wakaendelea kuhubiri. Hakuna aliyesema kwamba Blasio alikosa imani. Ningependa wahubiri wengi wa leo wakumbuke kifo hicho.

Wakatoliki nao walikuwa na njia yao. Mafuta matakatifu yalipakwa tangu zamani, lakini kwa muda mrefu yaliitwa mpako wa mwisho, na kijijini padri akionekana anaingia na mafuta, watu walianza kuulizana kaburi litachimbwa wapi. Mwaka 1972 Papa Paulo wa 6 alirekebisha ibada hiyo, ikawa rasmi Mpako wa Wagonjwa. Mgonjwa sasa hupakwa ili aishi. Mwaka huo huo, upande wa Waanglikana, ndipo ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, Edmund John, alipoanza huduma ya uponyaji Dar es Salaam, ambayo sifa zake zilienea nchi nzima kabla hajafariki mwaka 1975. Tangu hapo uponyaji haukuwa tena jambo la pembeni katika makanisa makubwa.

Tuje sasa mwaka 1994, maana hapa ndipo imani hii ilipopata swali ambalo mpaka leo halina jibu jepesi.

Katikati ya Aprili mwaka huo, maelfu ya Watutsi wa wilaya ya Rusumo walikimbilia kanisa la Nyarubuye, ng'ambo tu ya Mto Kagera ukitazama kutoka upande wetu. Walikimbilia kwa sababu kanisani ni kwa Yesu, na shetani haingii. Waliuawa humo humo, kwa mapanga, marungu na mabomu ya mkono. Maiti zilielea katika Kagera mpaka Ziwa Viktoria, na watu wa Ngara waliziona zikipita. Kisha tarehe 28 na 29 Aprili, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Hawa wengi wao walikuwa Wahutu waliokimbia majeshi ya RPF, na kati yao walikuwemo wauaji. Wakawekwa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, na kwa muda mfupi kambi hiyo ikawa kubwa kuliko kambi yoyote ya wakimbizi iliyokuwepo duniani.

Kule Goma, Zaire, kipindupindu kiliwaua wakimbizi makumi ya maelfu mwezi Julai. Ngara haikufikia balaa hilo, ingawa kuhara damu kulisumbua sana. Watu hawakukosa ibada kambini. Waliimba nyimbo zile zile za Gahini chini ya maturubai ya plastiki ya UNHCR. Na katikati ya umati huo alikuwepo Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa bwana mkubwa wa wilaya ya Rusumo, ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilikuja kumtia hatiani mwaka 2004 kwa mauaji ya Nyarubuye, na mwaka 2006 ikamwongezea adhabu kuwa kifungo cha maisha. Alikamatwa mwaka 2001, tena akiwa humu humu nchini mwetu, mkoani Kigoma.

Rwanda ndiyo nchi ya uamsho. Asilimia kubwa ya watu wake walikuwa wamebatizwa. Je, ile nguvu juu ya uovu ilikuwa wapi? Nimewasikia wachungaji wakijibu kwamba shetani alifunguliwa minyororo. Jibu hilo halinitoshelezi, kwa sababu shetani hakuandika orodha za majina wala hakugawa mapanga. Zilikuwa kazi za ofisini, zenye mihuri. Kama uovu wote ni pepo basi hakuna wa kupelekwa Arusha. Walokole wa kwanza, wale wa sabuni iliyoibwa, wangelijibu swali hili tofauti. Na ipo habari inayosimuliwa katika makanisa ya Rwanda, kwamba wapo walokole waliokataa kuwatenga wenzao kwa kabila, na wakafa pamoja nao. Hao nao wahesabiwe.

Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lilianzisha kituo cha redio Ngara. Likakiita Kwizera, neno ambalo kwa lugha za Rwanda na Burundi lina maana ya kuamini, na pia kutumaini. Sisi wa redio tunapenda jina hilo. Lakini vipindi vyake havikuwa mahubiri. Vilikuwa habari za ndugu waliopotezana, habari za maji na chanjo, habari za usalama wa njiani. Mwishoni mwa 1996 karibu wakimbizi nusu milioni wa Kinyarwanda walirudishwa kwao kupitia Rusumo.

Ukimwi sitauchambua kwa kirefu, kwani nchi nzima inajua kwamba wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kwamba watu waliuita Juliana, kama yale mashati yaliyoletwa kwa magendo kutoka Uganda. Miaka 20 ikapita kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa hospitalini kwa wananchi wa kawaida, mwaka 2004. Kwa miaka hiyo 20 maombi hayakuwa na mshindani. Mtu alikuwa haachi dawa ili aombewe, dawa hazikuwepo. Tusiwacheke waliokesha wakiomba.

Hali ilibadilika baadaye. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alipokuwa akitoa kikombe kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500, dawa za Ukimwi zilikuwa tayari ziko katika hospitali, na bado wapo walioziacha baada ya kunywa kikombe. Alifariki mwaka 2021. Tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa Moshi kwa kukanyagana wakiwahi kukanyaga mafuta ya upako katika mkutano wa mhubiri Boniface Mwamposa. Unaona jinsi mambo yalivyogeuka. Mwanzoni watu walikwenda kwa Yesu kwa kukosa hospitali. Siku hizi wengine wanapita mlangoni mwa hospitali wakienda kutafuta chupa ya mafuta.

Na sasa tumfikie mtoto wa Biharamulo aliyeisema imani hii kwa sauti kubwa kuliko mwingine yeyote. John Pombe Magufuli alizaliwa Chato mwaka 1959, wakati Chato ikiwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo. Alisoma katika seminari ya Katoke, Biharamulo, kuanzia 1975 hadi 1977, na bungeni aliingia mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki. Alikuwa pia mkemia, mwenye shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katika kifua kimoja kulikuwa na katekisimu na jedwali la elementi.

Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona kutangazwa nchini, Magufuli alisema kanisani Dodoma kwamba nyumba za ibada hazitafungwa, kwa kuwa corona ni shetani na haiwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Aliitisha siku 3 za maombi ya kitaifa, tarehe 17 hadi 19 Aprili. Baadaye takwimu zikaacha kutolewa, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Tarehe 3 Mei, akiwa nyumbani Chato, alieleza kwamba papai na mbuzi vimepimwa vikaonekana vina corona, akatilia mashaka maabara. Mwezi Juni alitangaza kwamba Mungu ameiondoa.

Wengi walimpenda kwa hilo. Tusijidanganye kwamba alilazimisha. Alisema kile ambacho bibi zetu wa Ngara na Biharamulo walikuwa wakikisema tangu asubuhi. Na kusema kweli, mkulima wa kijijini kwetu asingeweza kufungiwa ndani miezi mitatu bila kufa njaa. Tatizo ninaloliona mimi ni jingine. Mlokole wa Gahini alipoomba hakuficha idadi ya wagonjwa. Alikuwa na daftari la wodi. Imani iliyoanza kwa kuungama mambo hadharani, mwaka 2020 ilitumiwa kufunika daftari.

Kanisa lake mwenyewe halikukaa kimya. Mwishoni mwa Januari 2021 Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliandika waraka kuwakumbusha watu kwamba ugonjwa upo. Mwanzoni mwa Machi, Katibu wa Baraza hilo, Padri Charles Kitima, alisema kwamba katika miezi miwili wamefariki mapadri 25 na watawa 60, kwa dalili za matatizo ya kupumua. Hao ndio waliokuwa wakiwapaka wagonjwa mafuta. Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Serikali ilieleza kuwa ni maradhi ya moyo. Amezikwa Chato. Julai mwaka huo Rais Samia alichanjwa hadharani.

Hilo la mapadri na watawa kufa si jipya katika Ukristo. Katika karne ya 3, tauni ilipoikumba Aleksandria ya Misri, Askofu Dionisio aliandika jinsi Wakristo walivyowauguza wagonjwa, wakawafumba macho marehemu na kuwaosha, kisha wakafa kwa ugonjwa ule ule. Hakusema kwamba jina la Yesu lilishindwa. Wala hakusema kwamba waliokuwa na imani hawakuambukizwa. Aliwaheshimu kama mashahidi. Hawakuwa na glavu wala maabara, sisi tunavyo.

Turudi Biharamulo. Mgonjwa wa kwanza wa mlipuko ule aliugua Desemba 2024. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya washukiwa tarehe 14 Januari, Waziri wa Afya wa wakati huo akasema vipimo havijaonyesha Marburg, na ndipo siku chache baadaye maabara inayotembea ya Kabaile, Kagera, ikampata mgonjwa na vipimo vya Dar es Salaam vikathibitisha. Ni zaidi ya mwezi mmoja. Na ugonjwa ambao serikali haijaupa jina, majirani huupa. Mtu akitokwa damu puani na mdomoni, nani kijijini atasema virusi? Atasema karogwa, au atasema pepo, na atakwenda kumshika mkono na kumwombea.

Jirani zetu wa Rwanda walikuwa wamepata mlipuko wa Marburg miezi michache tu kabla, ukatangazwa Septemba 27, 2024. Waliougua walikuwa 66, wengi wao wahudumu wa afya. Waligunduliwa mapema, wakapewa maji ya mishipa, dawa za majaribio, na waliozidiwa wakasaidiwa na mashine za kupumulia. Walikufa 15. Waliobaki, watu 51, walirudi nyumbani, na sina shaka kwamba Jumapili iliyofuata wengi wao walitoa shukrani kanisani kwa jina la Yesu.

Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Wagonjwa waliohesabiwa ni 10. Wawili walithibitishwa na maabara, wanane waliwekwa katika kundi la wanaodhaniwa, na hakuna hata mmoja kati ya wote 10 aliyepona.